Jani la Tulsi Chini ya Ulimi

Maiti ilinaswa kwenye mnyororo wa ngazi ya saba, ule tunaoushika wakati wa kuoga ili mto Ganga usituchukue. Ghurahu mpiga makasia ndiye aliyeiona, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu wa Januari ukiwa bado umelala juu ya maji. Alidhani ni shuka la mtu limesahauliwa. Alipolivuta, shuka likageuka likawa na uso.

Inspekta Shailja Katiyar alifika amejitanda shali hadi puani. Alikuwa na miaka minne hapa Devkhari, na katika miaka hiyo alikuwa amekamata wezi wa viatu vya mahujaji, walevi wawili, na fahali mmoja aliyevunja duka la maua. Mji wetu ni wa kimya. Watu huja kuoga, kuomba na kumwaga majivu ya jamaa zao, kisha hurudi kwao.

"Mzee wa miaka sabini na kitu," alisema Sajini Munnilal, akipuliza viganja vyake. "Ameteleza, afande. Hizi ngazi zina ukoga. Tuandike ajali, tukanywe chai."

"Mtu akiteleza huumia wapi?"

"Kisogo. Kiuno."

"Hebu mtazame mabega."

Munnilal aliinama. Kila bega lilikuwa na madoa ya zambarau, manne mbele na moja nyuma. Vidole vya mtu.

"Lo! Huyu amekandamizwa."

"Basi chai baadaye."

Saa tano daktari alikuwa amemaliza uchunguzi wa maiti. Mapafu yalijaa maji ya mto, kwa hiyo mzee aliingia majini akiwa hai. Alikufa jana yake jioni, kati ya saa kumi na mbili na saa moja. Mapafu hayohayo yalikuwa yameoza kwa ugonjwa.

"Angengojwa miezi mitatu tu angekwenda mwenyewe," alisema daktari. "Lakini kilichonishangaza ni hiki."

Juu ya sahani ya bati palikuwa na jani moja bichi la tulsi, mrehani ule ambao kila nyumba yetu huupanda uani na kuuwashia taa.

"Lilikuwa chini ya ulimi. Na halikuingia kwa bahati mbaya, taya zilifunguliwa kwa mkono. Aliwekewa akiwa ameshakufa. Angekuwa nalo wakati anazama, maji yangeliondoa."

Inspekta alilitazama lile jani kwa muda. Mama yake mwenyewe alikuwa amemwekea baba yake jani kama hilo kinywani, pamoja na tone la maji ya Ganga, ili roho isiondoke na kiu.

"Munnilal, wewe ungempa tulsi mtu usiyemjua?"

"Kwa nini nimpe? Tulsi ni ya baba, ya mama, ya ndugu wa damu."

"Basi huyu mzee ana jamaa yake hapa mjini."

"Na jamaa huyo ndiye muuaji?" Munnilal alicheka kwa pua. "Muuaji mwenye adabu, jamani! Anakuzamisha halafu anakuombea safari njema."

Katika upindo wa kanzu ya marehemu walikuta tiketi ya treni iliyolowa. Ilitoka Howrah, kituo kikuu cha Kolkata, siku tano zilizopita.

Devkhari ina nyumba moja tu ya wageni ambayo mzee asiye na kitu anaweza kulala. Iko ubavuni mwa hekalu, na msimamizi wake sote tunamwita Meneja, hata wanaojua jina lake. Ni mtu wa miaka arobaini na mmoja, mpole, hapandishi sauti. Kila alfajiri ndiye huingia hekaluni kugonga kengele, miaka kumi na mitano bila kukosa.

Uani, karibu na chungu cha tulsi, mama yake alikuwa ameketi akitunga maua ya manjano kwenye uzi. Phulmati alivaa nguo nyeupe ya mjane, mikono mitupu bila bangili, na miwani minene kama kitako cha gilasi. Inspekta aliinama akamgusa miguu kwa heshima. Mama alimwekea mkono kichwani, akaendelea na maua yake.

"Ndiyo, alilala hapa siku nne," alisema Meneja, akifungua kitabu cha wageni. "Sitaram Gupta. Wa Kanpur."

"Alikwambia mwenyewe ni wa Kanpur?"

"Ndiyo."

"Kitabu uliandika wewe?"

"Naandika mimi siku zote."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Kwenye ibada ya taa. Mji mzima ulikuwa mtoni, afande."

Munnilal alikuwa ameegemea nguzo. "Meneja, leo kengele sikuisikia. Nimechelewa kuamka kwa ajili yako wewe."

"Nina mafua."

"Pole. Lakini mwaka juzi uliigonga una homa ya dengue, mpaka tukakubeba."

Meneja alifunga kitabu. Mezani pake palikuwa na chakula chake cha mchana: wali mtupu uliochemshwa, hauna chumvi, hauna bizari. Inspekta aliuona. Kwetu mtu haachi kuingia hekaluni wala haachi chumvi kwa sababu ya mafua. Hufanya hivyo akifiwa.

"Tunaenda wapi?" aliuliza Munnilal walipotoka.

"Mzee mgonjwa anapanda treni usiku na mchana mpaka huku. Anakuja kutafuta nini?"

Munnilal alijipiga paji la uso. "Kitabu chake!"

Makuhani wa mtoni ndio wanaotuandika. Kila kuhani ana wilaya zake, na kila familia ina kurasa zake katika vitabu virefu vilivyofungwa kwa kitambaa chekundu: nani kazaliwa na nani, nani kafa, nani kaleta majivu. Walipita kwa makuhani sita wakiuliza habari za mzee mwenye kikohozi. Wa saba, Pandit Vishwambhar, alipowaona tu aliacha kutafuna tambuu.

"Alikuja jana mchana," alisema kabla hajaulizwa. "Nimesikia kuna maiti. Ni yeye, sio?"

"Alitaka nini?"

"Kurasa za akina Ojha, kijiji cha Bhitaura. Nikamfungulia." Alikifungua kitabu tena, akasoma kwa kidole. "'Ramdhari Ojha amefariki Kolkata kwa kipindupindu. Majivu yameletwa na mwanawe Kamleshwar, akifuatana na mama yake.' Ni miaka ishirini na miwili sasa. Yule mzee akasema, 'Ramdhari ni mimi. Futa hapo.'"

"Ukafanyaje?"

"Ningefanyaje, binti yangu? Nilimwambia, mzee, siwezi kumfufua mtu kwa kalamu. Aliyekuandikisha ndiye aje akufute. Akaniuliza, huyo mwana yuko wapi? Nami mdomo wangu huu..." Alijipiga kinywani kwa vidole. "Nikamwambia, si ndiye Meneja? Unalala kwake!"

Walimkuta Kamleshwar ameketi mlangoni, kama aliyekuwa akiwangojea. Aliomba jambo moja tu, wasimfunge pingu mbele ya mama yake. Inspekta alimfunga kituoni.

"Marehemu ni nani?"

"Sitaram Gupta."

"Kamleshwar, nimesoma kitabu cha Bhitaura."

Kamleshwar aliisukuma kando chai aliyoletewa.

"Ulimjua lini?"

"Alipokanyaga mlangoni. Yeye hakunijua. Nilikuwa na miaka kumi na tisa mara ya mwisho aliponiona, na hakuniangalia sana."

"Wapi?"

"Kolkata. Mama alinituma nikamlete. Miaka miwili hajaandika barua. Nikamkuta ana mke mwingine na watoto wawili wadogo. Nilimwambia, baba, nikamwambie nini mama? Akasema, 'Mwambie nimekufa.' Akanipa nauli, akafunga mlango."

"Ukamwambia."

"Nikamwambia! Niliona afadhali awe mjane kuliko awe mwanamke aliyetupwa. Nikachota majivu ya jiko la muuza chai pale kituoni Howrah, nikayatia kwenye chungu. Tukayaleta hapa. Mama alipoyaona yanaondoka na maji akakataa kurudi kijijini. Akasema mume wake yuko hapa, naye atakaa hapa. Ishirini na miwili, afande! Anakula mlo mmoja kwa siku, kama wajane wa kwetu. Harusi yangu aliitazama dirishani, asije akaleta mkosi. Kila alfajiri anashuka mtoni kusalimia majivu ya jiko la chai."

Alijifuta uso kwa mikono yote miwili, pingu zikalia.

"Jana alinifuata wakati wa ibada. Tukashuka ngazi za chini, watu wote wako juu na taa zao. Akasema, 'Mwanangu, mimi nakufa. Kule hawanitaki. Nataka unifute kwenye kile kitabu, nikifa uniwashie moto wa mazishi wewe.' Nikamwambia nilishakufanyia mazishi, nenda. Akasema basi ataingia uani amwambie mama mwenyewe. Nilimpigia magoti, Mungu wangu ni shahidi. Akageuka kupanda. Nikamshika mabega."

"Hakupiga kelele?"

"Alipiga. Baragumu za makombe ya bahari zilikuwa zinapulizwa na kengele zinalia. Nani angemsikia?"

Inspekta aliandika. "Halafu ukamwekea tulsi."

Kamleshwar aliinua kichwa. "Tulsi ipi?"

"Chini ya ulimi."

"Mimi sikuweka kitu. Nilimwacha majini, nikapanda juu, nikagawa vitafunio vya ibada kwa mikono hii." Kisha alielewa. "Hapana. Hapana, afande. Mama haoni vizuri. Mama hajui. Usimwambie, nakushika miguu! Niandikieni chochote, ninyongeni, lakini andikeni kwamba ni Sitaram!"

"Siwezi kumshtaki mtu kwa kumuua Sitaram ambaye hayupo."

"Basi nimemuua bure?"

Inspekta Shailja alifunga faili.

Phulmati alikuwa palepale uani. Maua yalikuwa yamekwisha kapuni, lakini sindano ilikuwa bado mkononi. Inspekta aliketi chini mbele yake. Munnilal alisimama nyuma, kofia kwapani.

"Mama, leo alfajiri ulishuka mtoni?"

"Hushuka kila siku."

"Ukakuta nini?"

Mama alichomeka sindano kwenye upindo wa nguo yake, polepole, asijidunge. "Miguu yangu ilimgusa kabla ya macho. Nikapapasa uso. Nikarudi nikachuma jani hapo kwenye chungu."

"Ulimjua?"

"Nilimjua siku ya kwanza, alipokohoa mlangoni. Mtu huzeeka, kikohozi hakizeeki. Nikaenda jikoni, nikashika ukuta. Nikasema, Kamleshwar alinidanganya. Nikasema tena, mtoto wa miaka kumi na tisa hadanganyi jambo kama hili ila ameona kubwa kuliko hilo. Nikanyamaza."

"Siku nne, mama? Hukumwambia mwanao kwamba unajua?"

"Nilikuwa namwona anavyohangaika kutuweka mbalimbali. Chakula cha mgeni apeleke yeye, maji apeleke yeye. Nikasema nikimwambia najua, atabaki na uso gani mbele yangu? Na yule mwingine nilimngoja aulize. Aulize tu, mke wangu yuko hai au amekufa? Siku ya tatu Kamleshwar alikwenda sokoni, nikampelekea chapati mimi. Unajua aliniambiaje?"

"Hapana."

"'Mama, una bahati una mwana, atakuwashia moto.' Aliniita mama. Nilizaa naye, akaniita mama kama anavyowaita vikongwe wote wa barabarani."

Munnilal aligeukia ukutani.

"Na ulipomkuta majini, ulijua ni nani aliyefanya?"

"Ni nani mwingine? Usiku Kamleshwar alilala hapa chini chumba cha nyuma, nikamsikia analia hadi kunapambazuka. Nikasema nikikaa kimya, mto utamchukua yule mgeni na mambo yataisha. Lakini sikuweza kumwacha aende na kinywa kitupu. Mume ni mume." Alishika mkono wa Inspekta. "Ni lile jani, sio? Ndilo lililomfunga mwanangu?"

Inspekta Shailja angeweza kusema ni tiketi, ni kengele, ni kitabu cha kuhani. Vyote hivyo vilikuja baadaye.

"Ndilo, mama."

Phulmati alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichoweza kununua. Hakulia. Aliuliza kama Kamleshwar ataruhusiwa kumwashia moto baba yake, maana ndicho alichokifuata mzee huku. Inspekta alisema atamwomba hakimu, kesho asubuhi, chini ya ulinzi, na pingu. Mama akasema sawa.

Kisha akavua miwani, akaishika mapajani. Macho yake yalikuwa meupe kama maziwa yaliyotiwa maji.

"Wewe umesoma, binti yangu, niambie. Mjane wa kweli nimekuwa leo. Ile miaka ishirini na miwili itahesabiwa? Au ndiyo kwanza naanza?"

Jua lilikuwa limeshazama na mtoni ibada ya taa ilikuwa imeanza. Inspekta Shailja Katiyar aliendelea kukaa pale chini, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa yule mama.