Mawese Kwenye Chupa ya Mwalimu

Kila siku, alipotoka shuleni, Frida alivua sare, akanywa uji wa bibi yake, kisha akateremka kutoka mtaa wa Gungu hadi mtaa wa Mwanga. Huko, katika chumba kimoja nyuma ya kanisa, Mwalimu Selestini alifundisha kuchora sura za watu kwa rangi za mafuta. Wanafunzi walijifunza kwa kunakili picha aliyoichora mwenyewe: kikongwe wa Ujiji akianika dagaa, kila kunyanzi la uso likionekana.

"Chora unachokiona, si unachodhani," Mwalimu aliwaambia.

Frida, mwenye miaka kumi na mitatu, alikaa meza moja na Manariyo. Nakala zao wawili ndizo zilizochaguliwa kwenda kwenye maonyesho ya shule za mkoa, baada ya wiki tatu.

Jumatatu moja Mwalimu alikwenda kijijini Kalinzi kuvuna kahawa yake. Frida alifika chumbani wa kwanza. Alipogeuka kuchukua brashi, kiwiko chake kikagonga chupa ya mafuta ya kitani, yale ya kulainishia rangi na kuifanya ikauke. Yakamwagika yote.

Akafuta sakafu, akakimbia nyumbani na chupa, akaijaza mawese ya jikoni, akairudisha mahali pake. Chupa ilikuwa ya kahawia. Hakuna ambaye angeona tofauti. Mafuta ni mafuta, alijiambia.

Manariyo alipofika, wote wawili wakachanganya rangi na kupaka. Nyuso za kikongwe katika picha zao ziling'aa.

"Bibi yetu leo kapendeza kama anakwenda harusini!" Manariyo akacheka.

Alhamisi Mwalimu alirudi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Na hawa sisimizi kawakaribisha nani?"

Picha zilikuwa mbichi vilevile. Sisimizi walipanga mstari shavuni mwa kikongwe, wakipanda puani. Mwalimu akagusa rangi, akanusa kidole.

"Mawese! Eliakimu kaniuzia mafuta yaliyochakachuliwa! Nakwenda dukani kwake sasa hivi, wateja wake wote wasikie."

Frida alimfahamu Eliakimu, muuza rangi wa sokoni. Ndiye aliyempa bure brashi yake ya kwanza. Akafumba macho. Ee Mungu, nipe ujasiri, aliomba kimoyomoyo. Mwalimu alikuwa ameshafika mlangoni.

"Mwalimu, si yeye. Ni mimi."

Akaeleza yote. Manariyo aliruka kutoka kitini.

"Yaani na picha yangu? Wewe Frida! Si ungesema tu?"

Mwalimu alirudi, akaketi. "Rangi hii itakwanguliwa kwa kisu na kufutwa kwa tapentaini. Lakini mafuta ya kitani niliyoweka kabatini yanatosha picha moja tu. Mengine lazima niagize Dar es Salaam, na hayatawahi maonyesho."

Manariyo alitazama sakafu.

"Atumie Manariyo," Frida alisema.

Kwa jioni mbili alikwangua picha zote mbili. Manariyo hakumsemesha hadi siku ya pili.

"Hapo puani umebakiza mawese," alisema, akachukua kitambaa, wakamalizia pamoja.

Picha ya Manariyo ilikauka siku mbili kabla ya maonyesho. Frida alishika upande mmoja, Manariyo upande wa pili, wakaibeba hadi ukumbini na kuitundika. Frida alibaki akiitazama. Mwalimu akasimama kando yake.

"Mawese yaliing'arisha picha yako siku ya kwanza," alisema taratibu. "Uongo nao ndivyo ulivyo. Unang'aa, lakini haukauki, na kila anayeugusa anachafuka. Ungeniambia mapema, tungepoteza chupa moja tu. Ulinyamaza, Manariyo akaharibikiwa kazi, na Eliakimu nusura apoteze jina lake."

"Nimeelewa, Mwalimu."

"Lakini ulisema kabla sijavuka mlango. Hilo nimeliona." Akamshika bega. "Mafuta yakifika, unaanza upya. Na safari hii, mawese mwachie bibi yako apikie."