Nakala Moja kwa Posti Zote

WARAKA NAMBA 14 BIS UNAOHUSU UONDOAJI WA NAKALA ZA MAKTABA ZA PROGRAMU ZILIZOFUNGASHWA NDANI YA VIFURUSHI. Ulifika Mushaki ukiwa na mihuri minne, katika ofisi ambayo vita viliondoka na mlango wake.

Jambo lenyewe lilikuwa dogo. Siku za soko, mashine ya ofisi ilisoma kwa kipaza sauti majina ya watoto waliopotea katika kukimbia vita, maana wazazi wengi hawakujua kusoma. Programu yake iliegemea maktaba, yaani kipande cha programu kinachogeuza maandishi kuwa sauti. Straton, aliyeitengeneza, alikuwa amefungasha ndani yake nakala yake mwenyewe, yenye sauti yake mwenyewe, kisha akapigwa risasi kwenye barabara ya Sake. Sasa wakubwa walitaka kila kifurushi kiache nakala yake, posti zote, yaani ofisi ndogo za kutafuta watoto kama hii, zitumie moja ya pamoja. Kazi ya kufungasha ilikuwa imebaki kwa mjane wake, Claudette.

Hakuwa na haraka ya kutii. Lakini Ijumaa moja, orodha ilipokwisha, kipaza sauti kilikwaruza kikaongeza: "Uwizeye, miaka sita, wa Karuba."

Claudette aliikagua orodha. Yeye ndiye aliyeiandika. Jina la binti yake halikuwemo, hakuwahi kuliweka.

Ijumaa iliyofuata jina lilirudi mara mbili, kisha mara tano, na ofisi ikanuka maziwa yaliyofurika motoni kama jikoni kwao Karuba, na hata alipochomoa waya wa umeme sauti ile iliendelea kuita polepole, bila hasira, kama mtu anayepita nyumba kwa nyumba jua likizama akiuliza kama mtoto wake hakuonekana huko.

Papa Mbusa, mkuu wa ofisi, aliamua kwamba majini hayamo katika waraka, ila nakala imo; itolewe. Claudette alimwita kwanza Mama Nyirabagenzi, mwombezi. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho, bila kufungua rozari yake.

"Dada, huyu haiko jini ya kufukuza. Ni bwana yako, anatafuta mutoto. Kama uko unajua kitu, umuambie."

"Sijui kitu, Mama," Claudette alinong'ona.

"Basi usimubomolee nyumba. Muntu wa nyumba moja, ukiibomoa, atalala kwa majirani wote."

Hata hivyo Claudette aliifuta nakala, kama Papa Mbusa alivyoagiza. Akaweka ile ya pamoja, yenye sauti ya mwanamke fulani mpole, akafungasha upya, na pikipiki zikapeleka flashi kila posti. Papa Mbusa alitia sahihi ripoti ya mafanikio.

Wino haujakauka, simu ikalia. Watu wa posti ya Bweremana waliuliza ni nani yule mwanaume anayemwita Uwizeye. Karuba wakauliza hivyo hivyo. Huko Walikale, ambako orodha ilikuwa bado tupu, hata jina moja halijaandikwa, alikuwa anaita tangu asubuhi, na akina mama walikuwa wamejaa mlangoni wakilia.

Papa Mbusa aliweka simu chini taratibu. Maziwa yalinuka tena.

"Mama Claudette," alisema kwa sauti ndogo, "huyu Uwizeye ni nani? Tumuandike ku liste?"

Claudette alitazama nje, kwenye kilima.

Uwizeye alikuwa amekufa kwa homa siku ya tatu ya kukimbia, na Claudette alimzika mwenyewe kwenye kilima juu ya Mushaki. Straton alipomfikia kutoka Goma akauliza mtoto yuko wapi, mkewe alimwambia amepotea.