Hatua za Mama Jikoni

"Kama umenichoka, sema. Usijifiche nyuma ya kabati," alisema jirani yao Mama Pacha, amesimama uchochoroni, mikono kiunoni.

Kutoka ndani ya dirisha, Mama Chiriku alimjibu kwa upole wenye miiba kwamba jiko ni lake na kabati ataliweka anapotaka. Mama Pacha akamkumbusha ni dirisha gani lililopitisha chumvi miaka tisa, na ni nani aliyeitwa kupitia dirisha hilo siku Chiriku alipomeza kifungo. Hakungoja jibu. Alisonya, akaenda zake.

Chiriku, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa akimshikia fundi futi ya kupimia. Kwa kawaida mdomo wake haulali, ndiyo maana wakamwita hivyo. Leo alikuwa kimya. Jiko la zamani lilikuwa bado limesimama, lakini fundi alishachora lile jipya sakafuni kwa chaki: sinki huku, meza kule, na kabati refu palepale penye dirisha. Dirisha lenyewe lingezibwa kwa matofali siku hiyohiyo.

Chiriku alijua sababu. Wiki iliyopita fundi alimpa daftari, akamwomba ahesabu kila mama yake anapopika: anakwenda mara ngapi kwenye sinki, mezani, dirishani. Fundi alitaka jiko jipya lifuate miguu ya mpishi. Chiriku alihesabu siku moja, tena nusu. Siku zilizobaki alikwenda kucheza na wale pacha wa jirani, jioni akajaza namba za kubuni. Dirisha lilikuwa mwisho wa ukurasa na mkono ulishachoka, kwa hiyo akaliandikia sifuri.

Fundi alikoroga saruji, akainua tofali la kwanza. Chiriku akamshika mkono.

"Fundi, subiri. Zile namba nilizitunga."

Fundi aliweka tofali chini. Mama alimtazama binti yake kwa jicho lililouma kuliko kofi. Kisha alifunga kanga kiunoni, akasema atapika chakula cha mchana sasa hivi, na Chiriku ataweka alama ya chaki kila mahali mguu wa mama yake utakapokanyaga.

Chakula kilipoiva, alama zilikuwa zimejazana dirishani kuliko popote. Mama alikwenda pale kuchambua mchele penye mwanga, kukata vitunguu, kupunga hewa. Mara sita hakuwa na kazi yoyote pale. Alichungulia tu kama Mama Pacha amerudi.

Fundi alicheka. Sinki litakaa chini ya dirisha, akasema, na kabati lihamie ukuta wa giza. Kisha akamgeukia Chiriku.

"Mwanangu, uongo wako haukuishia daftarini. Ungekuwa ukuta, na mama yako angeishi nyuma yake. Umesema kweli kabla sijajenga, na hilo nakuheshimu. Siku nyingine sema kabla sijakoroga saruji."

Chiriku alikwenda dirishani mwenyewe kumwita Mama Pacha ili amwombe radhi. Hakuhitaji kupaza sauti. Jirani alikuwa amerudi, ameegemea ukuta uchochoroni, amesikia kila kitu, na alimwambia yamekwisha kabla hajamaliza kuomba.

Mama akatoa kichwa nje.

"Ugomvi wetu tutaumalizia mezani," alisema. "Leo pitia mlangoni, jirani. Karibu tule."