Nani Amechukua Makosa ya Xinyi?

Jumanne, saa kumi kasoro dakika tano, Lyse alitia ufunguo kwenye droo ya meza yake ya kufundishia, ufunguo ukagoma kuzunguka. Akavuta tu. Droo ikaja yenyewe, nyepesi, tupu.

"Eish," akasema. Akapiga magoti, akachungulia chini ya meza. Akainua zulia. Akasimama. "Eish, eish, eish."

Kaye nyekundu haipo.

Kama hujaiona kaye ile huwezi kuelewa kwa nini Lyse aliinua hadi zulia. Ni daftari, lakini pale nyumbani wote wanasema kaye, Kiswahili chao kimelelewa na Kifaransa. Mwenyewe ni Xinyi, msichana wa miaka kumi na minane. Wazazi wake wanauza mablanketi mjini Durban, ila jina lake la mtihani wa kuingia chuo kikuu limeandikishwa kwao China. Na Wachina wana desturi yao moja: mwanafunzi akikosea swali halifuti. Analikata, analigundisha kwenye daftari la makosa, chini anaandika kwa nini alikosea. Miaka miwili ya mazoezi ya Kiingereza, sarufi, kujaza mapengo, kusoma habari na kuchagua jibu kati ya manne, makosa yote ya Xinyi yalikuwa mle. Kurasa mia mbili na kumi. Jumamosi alikuwa apande ndege. Mtihani, wiki moja na siku chache baadaye.

Na Xinyi ndiye mwanafunzi wa kwanza wa Lyse. Lyse, Mrundi wa miaka ishirini na tatu, aliyeingia Afrika Kusini mgongoni mwa mama yake, leo yuko mwaka wa pili chuo cha ualimu, na kuna mtu anaenda kufanya mtihani mkubwa wa nchi kubwa kwa Kiingereza alichofundishwa na yeye! Kila mtu mtaani Glenwood alikuwa ameshaambiwa, wengine mara mbili.

Saa kumi kamili Xinyi akaingia na begi lake. Akaangalia droo, akamwangalia mwalimu wake, akaketi chini kwenye sakafu.

"Bila ile mimi sipandi ndege," akasema kwa Kiingereza, taratibu, wala hakulia. "Teacher, sipandi. Kila nilichojifunza kiko mle. Nikifika kule kichwa kitakuwa cheupe."

"Utapanda," Lyse akasema. "Nitaipata."

Akafunga mlango, akachukua kalamu ya ubao, akaandika:

*Jumatatu saa 12 jioni: nimefunga droo mwenyewe. Ufunguo kwenye msumari wa jikoni.*
*Jumanne saa 10: droo haijafungwa. Ufunguo bado kwenye msumari. Kaye hakuna.*

Kisha akaanza kukagua meza upya, pole pole sasa. Akagundua mambo mawili. La kwanza, rula yake ya sentimita thelathini nayo imeondoka. La pili, chini ya kiti kulikuwa na kipande chembamba cha karatasi ya kaki, kimekatwa kimenyooka kabisa, ncha hadi ncha. Akakitia mfukoni.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya saluni ya Mama Agathe, Mkongomani wa Bukavu, mama mwenye mikono ya haraka na mdomo wa haraka zaidi, ambaye Lyse anaishi na kula kwake. Lyse alimkuta amegawa kichwa cha mteja katikati, upande mmoja umesukwa, mwingine umesimama kama ufagio.

"Mama Agathe, leo nani ameingia kule nyuma?"

"Kule nyuma? Doudou, alikuja kutengeneza ile mashini ya interneti. Saa tano. Kwa nini unaniangalia hivyo, binti yangu? Nimekuibia nini, wanja?"

"Kaye ya Xinyi imepotea."

Mama Agathe akaacha kitana kichwani mwa mteja. "Ile nyekundu? Yesu wangu."

"Ulitoka leo?"

"Saa saba kasoro nilifunga, nikaenda mjini kununua meshi, nywele za kusukia. Nikarudi saa nane, mlango umefungwa vile niliuacha. Kila kitu sawa. Kitu moja tu, nilitaka kuvunjika kiuno hapa: jile ya mzee iko kwenye kiti inatiririsha maji, sakafu yote utelezi! Wanaume, unawaambia wakifua tundika inje, banatundika ndani."

Mzee ni mume wake, Papa Honoré, anayelinda magari kwenye parkingi ya chini ya ardhi kule Morningside, na jile yake, kile kizibao cha njano cha walinzi, inajulikana mtaa mzima.

"Nani ana ufunguo wa mlango wa mbele?"

"Mimi, wewe, na mzee. Lakini mzee alikuwa kazini, na wewe chuoni. Tafuta Peguy! Yule anakuonea wivu hadi masikio."

Ni kweli, hata Lyse alikuwa ameshamfikiria. Peguy, kijana wa Lubumbashi anayekaa ghorofa ya juu, alianza kufundisha Kiingereza kabla ya Lyse kujua kushika chaki. Xinyi alianza kwake, akamwacha baada ya mwezi mmoja. Saa kumi na moja na nusu Lyse aligonga kwake. Peguy akafungua na kikombe mkononi.

"Mademoiselle la professeure! Umekuja kuchukua na wanafunzi wenye kubakia?"

"Leo saa tano mpaka saa kumi ulikuwa wapi?"

"Ah, polisi sasa." Akacheka, halafu akaona uso wa Lyse, akaacha. "Niko kwenye foleni ya makaratasi tangu saa kumi na moja alfajiri. Nimetoka saa tisa na nusu. Shika." Akamwonyesha karatasi mpya ya ukimbizi, muhuri wa leo bado mbichi, na saa imeandikwa chini. "Muulize na Valérie wa duka la chini, tulikuwa naye kwenye mstari, amenilalia bega masaa matatu. Bega bado linauma."

"Kaye ya Xinyi imeibwa, Peguy."

Akatua kikombe. "Ile ya makosa?" Akafungua mlango zaidi. "Sikia, mimi nakuonea wivu, sikatai. Lakini yule mtoto nilimfundisha mwezi mmoja. Akifaulu, nitasema alianzia kwangu. Sasa nitaibaje?"

Lyse aliteremka ngazi amemwamini, na hilo likamuudhi zaidi.

Duka la simu la Doudou lilikuwa kona ya pili. Doudou, mcheshi, cheni shingoni, alimkaribisha kama kawaida yake: "Mchumba wangu wa baadaye!"

"Doudou, leo sina meno ya kucheka. Ulipotengeneza interneti, ufunguo wa droo uliuona?"

"Kwenye msumari. Nilitundika kofia yangu hapohapo juu yake."

"Na droo?"

"Nilivuta, eh, nilikuwa natafuta bisibisi. Ilikuwa imefungwa. Nikatoka saa tano na dakika ishirini, Mama Agathe alinitukana mpaka mlangoni, muulize."

"Wiki iliyopita ulimwomba Xinyi hiyo kaye umuonyeshe binamu yako."

"Akakataa, nikakubali." Doudou akainua simu yake. "Lyse, fikiria. Ningetaka vitu vya mle ningepiga picha. Kurasa zote, dakika kumi, naacha kaye palepale, wala hamjui. Siku hizi nani bado anaiba karatasi?"

Lyse alikuwa ameshaanza kutoka; akageuka ghafla.

"Nini?" Doudou akauliza.

"Rudia."

"Nani bado anaiba karatasi?"

"Sharp, Doudou. Asante!" Akatoka mbio bila kuaga.

Mtu asiyeiamini simu. Mtu anayehitaji karatasi yenyewe iwe mbele yake, pamoja na rula. Na kile kipande cha kaki mfukoni! Lyse akakitoa, akakinyoosha kwenye mwanga wa robot, taa ya kuongoza magari, magari yanampigia honi. Alikikumbuka sasa. Mama yake alikuwa anakata hivihivi, kila mwanzo wa muhula, anavika kaye za watoto karatasi ya kaki, kingo zimenyooka, kwa sababu siku ya inspekta wa shule kaye isiyovikwa ilikuwa aibu ya mwalimu na ukoo wake wote.

Na jile iliyotiririsha maji. Lyse mwenyewe mvua ya leo ilimkuta chuoni akingojea taxi. Ilianza saa saba, ikakatika saa saba na nusu, haikurudi tena.

Usiku ule alificha alichokigundua. Mezani aliuliza swali moja tu, kama mtu anayepitisha chumvi: "Papa, leo ulirudi saa ngapi?"

"Saa tisa, ma fille, kama kila siku," akajibu Papa Honoré.

Jumatano saa nne asubuhi aliwaita wote saluni. Peguy, Doudou, Xinyi na mama yake, ambaye alikuja na uso wa mtu aliyelazimika kufunga duka. Wateja wawili wa Mama Agathe waliambiwa watoke, wakakataa katakata. Papa Honoré alikaa kwenye kiti cha kuoshea nywele, koti limefungwa vifungo vyote, mgongo umenyooka.

"I call police?" Mama Xinyi akauliza.

"Dakika tano, Mama," Lyse akasema. "Peguy alikuwa kwenye foleni, karatasi yake ina saa. Doudou aliondoka saa tano na dakika ishirini, na droo ilikuwa bado imefungwa. Saa saba kasoro Mama Agathe akafunga mlango. Saa nane akarudi, mlango haukuvunjwa. Kwa hiyo aliyeingia alikuwa na ufunguo wa nyumba, na alijua msumari wa jikoni."

"Unasema mimi?" Mama Agathe akaweka mikono kiunoni. "Lyse! Chakula changu unachokula!"

"Sisemi wewe, Mama. Wewe ndiye umenionyesha mwizi, bila kujua." Akageuka. "Papa Honoré. Jana ulisema umerudi saa tisa."

"Ndiyo."

"Kazi yako iko chini ya ardhi. Mvua ilinyesha saa saba, saa saba na nusu ikaisha. Jile yako saa nane ilikuwa kwenye kiti hapa inatiririsha maji. Ilikunyeshea wapi, Papa?"

Saluni nzima ikamgeukia mzee. Hata mteja mmoja, kichwa kimesukwa nusu, akaacha kutafuna.

Lyse akaweka kile kipande cha kaki juu ya meza ya mafuta. "Na nani kati yetu bado anavika kaye?"

Papa Honoré akasimama. Hakumwangalia mke wake. Akaenda chumbani, wakasikia kabati linafunguka, akarudi na vitu viwili. Kimoja ni kaye nyekundu, nzima, haina hata mkunjo. Kingine ni kaye mpya, imevikwa kaki, mbele imeandikwa jina la Xinyi kwa mwandiko mzuri ajabu, herufi zimelala upande mmoja kama nyasi za upepo.

"Nilikuwa directeur wa shule ya msingi Bukavu, miaka kumi na nne," akasema. "Jumatatu mtoto aliacha kaye mezani, nikaifungua. Madame, nilishtuka. Nyekundu kila ukurasa! Makosa, makosa, makosa. Nikasema, huyu mtoto anaenda kwao, inspekta ataomba kaye. Kwetu inspekta haulizi mtoto, anaomba kaye. Ataiona hii, atauliza, nani alikufundisha? Atajibu, Lyse, wa nyumba ya Honoré, kule Durban." Akaelekeza kidole kwa Lyse. "Tumefika hapa bila kitu. Huyu binti ndiye kitu tulichonacho. Sikutaka wamcheke. Jana niliomba ruhusa kazini, nikaja kunakili upya, "au propre" kama tunavyosema shuleni, yaani kwa usafi; mke wangu aliporudi nikahamia chumbani. Majibu mazuri tu. Nilitaka Ijumaa nizirudishe kaye mbili, ile nyekundu muitupe wenyewe. Nimefika ukurasa wa sitini na mbili."

"Basi si ungesema, Papa!" Lyse akapaza sauti, na hapo machozi yakamtoka, hasira na kitu kingine. "Mtoto amelala bila kula! Hakuna inspekta. Ile kaye haikaguliwi na mtu. Makosa ndiyo somo lenyewe!"

"Sasa najua. Jana jioni nilisikia amelia. Nikakosa mdomo wa kusema." Akamgeukia Xinyi, akampa kaye nyekundu kwa mikono miwili. "Pardon, ma fille. Mimi mwizi."

Lyse alimtafsiria Xinyi yote, neno kwa neno, hata la inspekta. Xinyi akafungua kaye mpya. Akapitisha kidole juu ya mistari iliyopigwa kwa rula, rangi mbili, ukurasa baada ya ukurasa. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelingoja. Akamrudishia mzee kaye nyekundu.

"Niulize," akasema. "Ukurasa wowote. Usinionyeshe."

Papa Honoré akaketi, akavaa miwani. Akasoma kwa Kiingereza chake cha pole pole chenye Bukavu ndani yake. "Page forty-one. The old bridge. Question three."

"Nilichagua B," Xinyi akasema. "Nilikuwa na haraka, sikusoma aya ya mwisho. Jibu ni D, daraja halikubomolewa, lilihamishwa."

"Page one hundred and six."

Akajibu. Ukurasa wa kumi na tisa, akajibu. Wa mia na themanini, alifumba macho, akajibu na sababu juu. Doudou akaanza kuhesabu kwa sauti. Peguy akajiegemeza ukutani, akawa anatikisa kichwa kila jibu kama yeye ndiye aliyelipanda. Kwenye kumi na tano wateja wakaanza kupiga makofi. Kwenye ishirini na sita Xinyi alisita, Lyse akashika kiti, roho mkononi, kisha jibu likaja, zima, na Mama Agathe akapiga kigelegele kilichotoa watu maduka ya jirani.

"Thelathini!" Doudou akapiga kelele. "Thelathini kwa thelathini!"

Papa Honoré akafunga kaye. Kule Bukavu, directeur akiingia, darasa lote linasimama. Yeye akavua miwani, akaweka miguu pamoja, akasimama mbele ya yule msichana wa mablanketi kama mwanafunzi wa kwanza wa mstari.

Mama Xinyi alikuwa hajaelewa nusu ya maneno, lakini thelathini aliielewa. Akamshika Lyse mkono, akaukaza.

"Haibo," akasema, kwa mshangao wa Kizulu wa wateja wake. "Saturday she go."

"Jumamosi naenda," Xinyi akasema, akavuta kiti karibu na mzee. "Lakini leo ni Jumatano. Teacher, zimebaki kurasa mia na themanini."