Uzi wa Mkono wa Kushoto

Kila alipotoka shule, Kigingi alivua sare, akavaa gauni lake kuukuu na kwenda uani kumsaidia mama yake kukamua mablanketi. Mama alikuwa dobi. Aliifulia nyumba ya wageni iliyokuwa mwisho wa mtaa, na wageni, kama alivyopenda kulalamika mwenyewe, hawana huruma: mtu analala siku moja tu, lakini blanketi analichafua kama aliyelilalia mwaka mzima.

Kukamua blanketi ni kazi ya watu wawili. Mmoja hushika ncha hii, mwingine ncha ile, kila mtu akazungusha upande wake mpaka blanketi linasokotana na maji yanamwagika miguuni. Mwenye mikono legevu huvutwa akapiga magoti kwenye tope. Kigingi alikuwa na miaka kumi na miwili, na mara ya mwisho kupiga magoti hata haikumbuki. Alitumia mkono wa kushoto, na mkono huo ukishika kitu, umeshika.

Jina la Kigingi alipewa shuleni, kwenye mchezo wa kuvuta kamba. Yeye ndiye aliyesimama mwisho wa kamba na kukita visigino chini, na akishakita, hang'oki. Jumamosi hiyo timu ya wasichana ilikuwa ivutane na shule ya jirani, ambayo ilikuwa imewashinda miaka miwili mfululizo. Walikuwa wamechoka kuchekwa barabarani.

Basi Jumanne mwalimu wa sayansi aliingia darasani na mguu wa kuku uliofungwa kwenye karatasi. Akaubana kwa koleo uzi mweupe uliochomoza pale mguu ulipokatwa, akauvuta. Kucha za kuku zikajikunja! Darasa zima likapiga kelele, na waliokaa mbele wakaruka.

"Huyu hawezi kuwadonoa tena, kaeni," alisema mwalimu. "Hili ni kano. Msuli ukivuta, kano nalo linavuta, kidole kinakunjika. Sasa nikilikata?"

Akalikata kwa wembe chini kidogo, akavuta tena. Kucha zikalala tu.

"Na nyinyi mnayo makano. Gusanisheni kidole gumba na kidole cha mwisho, halafu kunjeni kifundo cha mkono kidogo. Mnaona uzi ulioinuka katikati?"

Kengele ikalia. Mwalimu akafunga mguu wake wa kuku akaondoka, na somo likakatikia hapo hapo. Kigingi alikuwa bado anajitazama. Mkono wa kulia uzi ulikuwa umesimama, unaonekana wazi. Mkono wa kushoto palikuwa bapa. Akakunja zaidi, akabana vidole mpaka vikatetemeka. Hapakuwa na kitu.

Jirani yake wa dawati aliitwa Redio, na wala hakuonewa kuitwa hivyo. "Mwenzangu, huna!" alisema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Lako limekatika!"

Kigingi alicheka na wenzake, lakini moyoni aliingiwa na hofu. Alikuwa ameona kwa macho yake: kano likikatika, kucha zinalala. Mbona basi mkono wake ulikuwa bado unashika? Au ulikuwa njiani kulegea? Leo uzi, kesho vidole?

Njiani kurudi nyumbani alisimama kwa fundi baiskeli, mtu anayefungua nati zenye kutu kwa vidole vitupu.

"Shikamoo, fundi. Naomba ugusanishe kidole gumba na hiki cha mwisho, ukunje kifundo."

"Marahaba. Kwani unanisomea bahati?" alicheka fundi, lakini akakunja mkono. Hakuwa na uzi. Akakunja wa pili. Huo ulikuwa nao. Jirani na hapo alicheza mtoto wa miaka minne, ambaye hata bomba hawezi kulifungua mwenyewe. Huyo alikuwa na nyuzi mbili kama kamba za viatu.

Sasa kichwa cha Kigingi kikavurugika kabisa. Mwenye nguvu hana, dhaifu anazo, na fundi anao upande mmoja tu kama yeye. Alifika nyumbani akiwa hajui aamini nini. Walipoanza kukamua, alikuwa akiutazama mkono wake kuliko blanketi. Likamponyoka, na mama yake akarudi nyuma na kuketi ndani ya beseni la maji ya sabuni.

"Vipi leo?" aliuliza mama, bado amekaa humo.

"Sabuni, mama. Imeteleza."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Wa pili ulikuja Jumatano, na kama ujuavyo, uongo haupendi kukaa peke yake. Kigingi alijifunga kitambaa kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, akamwambia mwalimu wa michezo kwamba ameanguka na kuteguka. Aliona ni afadhali aitwe majeruhi kuliko kamba imponyoke mbele ya shule mbili. Mwalimu alisikitika, akafuta jina lake na kuandika la Redio, ambaye nguvu zake zote ziko mdomoni. Siku hiyo mazoezini timu ilivutwa na wavulana wa darasa la chini. Kigingi alitazama kutoka pembeni na machozi yakamlenga.

Alhamisi, mama akiwa anaanika mashuka, mwalimu wa michezo alibisha hodi. Alikuwa ameleta dawa ya kuchua.

"Nimekuja kumpa pole majeruhi wetu," alisema.

"Majeruhi yupi?" aliuliza mama. "Huyu aliyenibebea ndoo mbili asubuhi?"

Kigingi akatamani ardhi ipasuke. Akatoa kitambaa alichokuwa amekificha mfukoni, akaeleza yote, kuanzia mguu wa kuku mpaka mtoto wa miaka minne, huku akilia na kukunja mikono yake miwili wapate kuona. Mwalimu alijitazama: alikuwa na nyuzi zote mbili. Mama akafuta povu, naye akakunja mkono wake. Bapa. Akakunja wa pili. Bapa.

"Ala!" alisema mama. "Miaka kumi na mitano nakamua mablanketi, kumbe mimi nina mikono ya kuku aliyechinjwa?"

Wakatazamana wote watatu. "Kesho tunakwenda kituo cha afya," alisema mama.

Ijumaa asubuhi mama na binti walikwenda kituo cha afya, chumba cha daktari wa viungo. Daktari huyo alisikiliza bila kucheka, akampa Kigingi vidole vyake. "Vibane kwa mkono wa kushoto. Zaidi. Zaidi... Basi, basi! Nina wagonjwa wengine!"

Kisha akawaeleza, akifuata kwa kidole juu ya mkono wa Kigingi. "Makano yanayokunja vidole yapo hapa ndani, nawe unayo yote. Yale ni kama lile la kuku. Uzi aliowaonyesha mwalimu ni mwingine. Ni wa msuli mwembamba unaosaidia kidogo tu kukunja kifundo. Watu wengine huzaliwa nao mikono yote, wengine mmoja, wengine hawana kabisa. Mara nyingine jambo hili huonekana katika familia. Haliumi, na halipunguzi nguvu ya kushika. Hata sisi hospitalini, mtu akikatika kano muhimu, tunaweza kuuchukua uzi wake huo tukamtengenezea lile lililokatika, wala asihisi upungufu."

"Kwa hiyo sikukatika?"

"Hakuna kilichokatika. Ndivyo ulivyoumbwa."

Kigingi alipumua kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Lakini lilibaki jambo moja, na mama hakumsaidia kulisema. Alimsindikiza hadi shuleni, akabaki getini. Kigingi akaenda peke yake mpaka kwa mwalimu wa michezo. "Mwalimu, nilikudanganya, na jana nilieleza tu bila kuomba radhi. Naomba radhi. Mkono wangu ni mzima."

Mwalimu akafungua daftari lake la majina. "Nimekusamehe. Lakini hukufanya mazoezi, na mwenzako amefanya. Mzunguko wa kwanza atavuta yeye. Wewe utakaa."

Jumamosi walishindwa mzunguko wa kwanza, na Kigingi alikaa akauma midomo. Wa pili aliingia, akakita visigino, wakashinda. Wa tatu kamba ilisimama tuli muda mrefu, Redio akihesabu pembeni kwa sauti kubwa, "Moja, vuta! Mbili, vuta!" mpaka wale jirani wakaanza kuteleza, mmoja baada ya mwingine.

Mwalimu wa sayansi alikuja kuwapongeza. Alimpa Kigingi mkono. "Nami nina kosa langu," alisema. "Niliwaachia somo nusu. Jumatatu nitalimaliza."

Walipokuwa wakirudi nyumbani, mama alimshika Kigingi mkono wa kushoto.

"Kuuliza si ujinga, mwanangu. Jambo la mwili wako likikutatiza, sema. Usilifunge kitambaa. Mkono wako haukuwa na ila hata siku moja. Ungeniuliza Jumanne, leo ungevuta mizunguko yote mitatu."

Kigingi alijua kwamba ni kweli, akaubana mkono wa mama.