Karanga Tulizosahau Kuzitaja

Mimi naitwa Recheli, mke wa Gerson. Tunalima mahindi, tumbaku na karanga katika kijiji kimoja upande wa Ulyankulu. Mwaka jana nilichoka. Jembe halikunichosha, nimelizoea tangu utoto. Nilichoka kuambiwa. Kila aliyepita mlangoni kwetu alikuwa na la kuniambia kuhusu mtoto wangu.

Mtoto mwenyewe ni Julieth, mwenye miaka mitano. Asubuhi anaamka mzima. Anamwamkia bibi yake, anafukuza kuku, anaimba. Mchana anakula. Mara ngozi inatoka mabaka, anajikuna mpaka damu. Siku nyingine midomo inavimba. Siku nyingine anatapika na kukohoa, kifua kinalia kama filimbi.

"Hiyo ni minyoo," alisema jirani. Nikampa mtoto dawa ya minyoo. Mabaka yakarudi.

"Hicho ni kijicho," alisema mama mkwe wangu, Bibi Apolinaria. Alimwogesha mtoto kwa maji ya majani. Ulikuwa mwezi wa kwanza, na kweli mabaka yalikoma. Bibi akatamba kijiji kizima. Mwezi wa tano tukavuna, na mabaka yakarudi kwa kishindo.

"Wamemwona tena," akasema bibi.

Ebo! Nani hao wasio na kazi za kufanya?

Nikampeleka zahanati. Hapo yupo Nesi Zuwena, mzaliwa wa Tabora mjini. Foleni ilikuwa ndefu. Alimtazama Julieth mara moja tu. "Ana aleji," akasema. "Asile mayai." Akanipa vidonge vya kuzuia kuwasha. Nikaacha kumpa mayai. Mabaka yakatoka. Nikarudi. "Asile samaki." Nikarudi tena. "Asile maziwa." Safari ya nne akasema, "Na maharage nayo acha."

Jamani! Kuku wangu wanataga, watoto wa jirani wanakula mayai, wa kwangu anawatazama.

Mwishowe Julieth alibaki na ugali na mboga za majani tu. Alikonda mpaka gauni likamvuka mabega. Na mboga zenyewe akawa anazikataa.

"Mama, mboga inaniwasha mdomo."

"Mboga gani inayowasha? Kula! Hakuna kingine."

Nilimkalia na kijiko mpaka akameza. Mungu anisamehe.

Bibi yake naye alimpikia uji. Alitwanga karanga, akazitia humo nyingi ili mtoto anenepe. Julieth akageuza uso.

"Mgonjwa haulizwi uji," akasema bibi, akamnywesha. Mtoto akautapika wote.

"Anadeka," akasema bibi.

Siku moja Julieth aliinuka kwenye chakula jicho moja limefumba kwa uvimbe. Nikambeba mbio hadi zahanati. Nesi hayupo. Nikamkuta tabibu, Zablon.

"Nesi yuko Tabora, kwenye semina," akaniambia.

"Semina ya nini?"

"Ya aleji."

Nilicheka kwa hasira. "Mwenye aleji yuko hapa, anayetibu yuko mjini!"

"Ni siku tatu tu, mama. Vumilia." Akanipa vidonge vilevile.

Jumatatu nilikuwa wa kwanza mlangoni.

"Habari za semina, nesi?" nikamwambia. "Soda zilikuwa baridi?"

"Karibu ukae, Mama Julieth," akasema Zuwena. "Kwanza nakuomba radhi. Nimekuwa nakukataza vyakula kwa kubahatisha. Kule tumefundishwa kuuliza kabla ya kukataza. Leo nitakuuliza mpaka uchoke."

"Nimeshachoka tangu mwezi wa tano."

Alifungua daftari. "Akila, inachukua muda gani mabaka kutoka?"

"Hata vyombo sijamaliza kuosha."

"Yanakaa siku ngapi?"

"Kesho yake huyaoni."

"Akila yai peke yake, bila kitu kingine, yanatoka?"

Nikafikiri. "Alikuwa anakula yai na chai asubuhi. Hapana, hayakutoka."

"Kumbe nilimwonea yai," akasema, akaandika. "Na samaki?"

"Samaki alimla pamoja na mboga."

"Mwezi wa kwanza, alipotulia, mlikuwa mnakula nini?"

"Ugali na mboga."

"Na mwezi wa tano?"

"Ugali na mboga! Nesi, sisi tuna chakula gani kingine?"

"Mboga hiyo unaipika na nini?"

"Na moto!"

Hakukasirika. Alingoja tu, kalamu mkononi. Nikaona haya kidogo. "Majani ya kunde," nikasema. "Nyanya, kitunguu, chumvi. Basi."

Aliandika yote, akayasoma tena. "Kuna kitu hapa sikioni," akasema. "Naomba kesho nije kwako, nione unavyopika."

Nilirudi nyumbani nikinung'unika. Yaani serikali imemsomesha mtu aje kutazama ninavyopika mboga?

Alikuja kweli, kwa baiskeli. Akamwamkia bibi, "Shikamoo, bibi." "Marahaba," bibi akajibu, bila kumtazama sana. Zuwena akapewa kigoda, akaketi karibu na mafiga. Nilichemsha majani ya kunde. Nikatia nyanya na kitunguu. Kisha bibi akachota unga kwenye kinu, konzi mbili, akautia kwenye sufuria kama afanyavyo siku zote.

"Bibi, hicho ni nini?" akauliza Zuwena.

"Karanga."

Zuwena alisimama. "Mama Julieth! Hukunitajia karanga!"

"Na wewe hukuniuliza karanga! Uliniuliza mboga. Sasa mboga bila karanga ni mboga gani? Hiyo ni ya mbuzi."

"Mnatia kila siku?"

"Kila siku zikiwapo."

"Mwezi wa kwanza zilikuwapo?"

Mwezi wa kwanza ghala lilikuwa tupu. Karanga zilizobaki zilikuwa mbegu, nazo tulishazipanda. Nikakumbuka na uji. Nikakumbuka kijiko. Nilikuwa nimemnyima mtoto mayai, samaki, maziwa na maharage. Nikambakizia kile kimoja kinachomdhuru, tena nikamlazimisha.

Nilikaa chini, nikalia. "Kwa nini hukuuliza mapema?" nikamwambia nesi.

"Sikujua kuuliza," akasema Zuwena. "Kwetu mjini mboga tunaiunga kwa mafuta. Nawe ukisema mboga, mimi naona majani tu."

Akatueleza polepole. Gerson naye aliitwa shambani aje kusikiliza.

"Aleji kwa Kiswahili ni mzio," alisema. "Mzio ni mwili kukosea. Karanga ni chakula kizuri kwako na kwangu. Mwili wa Julieth unaziona kama adui, unapigana nazo. Ndiyo maana anavimba. Kwake hata kidogo ni kingi. Msijaribu kumzoesha hapa nyumbani."

"Na vile vyakula vingine?" akauliza Gerson.

"Yai mrudishieni leo. Maziwa, samaki na maharage tutavirudisha kimoja kimoja, bila karanga, mkiwa mnakuja kwangu. Nitawapa barua mwende hospitali ya mjini, daktari athibitishe. Chakula cha mtoto kipikwe kwa sufuria yake na mwiko wake. Kinu cha karanga kisitwangiwe chakula chake."

Kisha akanishika mkono. "Sikia hili, Mama Julieth. Akila kitu halafu akavimba midomo, au sauti ikakauka, au akakohoa na kukosa pumzi, au akalegea, msikae kumpa maziwa wala majani. Msingoje mabaka. Mleteni mbio. Sindano ipo."

Bibi Apolinaria akasema, "Nimelea watoto saba kwa karanga. Hakuna aliyekufa."

"Kweli, bibi. Hao saba hawakuwa na mzio. Huyu anao."

"Mh!" akaguna bibi, akatoka.

Wiki mbili zikapita bila baka hata moja. Julieth alikula yai, akaomba la pili. Mimi nilianza kupumua. Lakini bibi naye alikuwa na hesabu zake.

"Si amepona huyu?" akawa anasema. "Mtoto mzima mnamnyima chakula cha kwao kwa maneno ya kitoto cha mjini."

"Mama, nesi amekataza," nikamjibu. "Tafadhali." Ungekuwa wewe ungesema nini zaidi? Mama mkwe hakaripiwi.

Siku ya Jumatano nilikuwa nyuma ya nyumba, napanga majani ya tumbaku. Ilikuwa saa sita mchana. Nikasikia bibi anapiga kelele, "Recheli! Recheli! Njoo!"

Nilimkuta Julieth kwenye mapaja ya bibi. Midomo imevimba, macho yamefumba. Kila akivuta pumzi koo lilikoroma. Alitaka kuniita, sauti haikutoka. Pembeni kulikuwa na bakuli la uji.

"Kijiko kimoja tu," bibi akasema. "Nilitaka nione. Kijiko kimoja tu, Recheli!"

Gerson alisimamisha bodaboda, nikapanda na mtoto kifuani. Njia nzima nilihesabu pumzi zake.

Zahanati, Zablon ndiye aliyetupokea. Akakimbilia kopo la vidonge. Zuwena akamzuia.

"Weka hivyo chini! Hawezi hata kumeza. Lete sindano ya adrenalini."

"Hiyo? Si itapasua moyo wa mtoto?" akasema Zablon.

"Kinachomuua sasa ni kukosa pumzi. Kipimo cha uzito wake nakijua. Lete!"

Alimchoma Julieth pajani, upande wa nje. Akaniambia nimkalishe, nimwegemeze kifuani kwangu, miguu ainyooshe. "Asisimame. Asitembee," akasema. Akatazama saa. Akaandaa sindano ya pili, akaiweka karibu. Zablon akasimama anatazama, jasho linamtoka.

Dakika ya kwanza, koo linakoroma. Ya pili, linakoroma. Nilisema, "Nesi, mtoto wangu anakufa."

"Bado. Ngoja. Dawa inafanya kazi."

Dakika ya tano kukoroma kukapungua. Midomo ikaanza kurudiwa na rangi. Kisha Julieth akalia, kwa sauti yake mwenyewe, kilio cha hasira kabisa. Sijawahi kukipenda kilio kama nilivyokipenda kile.

"Sasa vidonge vya kuzuia kuwasha anaweza kupewa," Zuwena akamwambia Zablon. "Vinasaidia mabaka. Koo likiziba havifui dafu. Na haendi nyumbani. Hali hii inaweza kurudi baada ya saa chache. Tunampeleka hospitali akaangaliwe."

Tulipokuwa tunangoja gari, bibi akafika. Alikuja kwa miguu, bila viatu, vumbi mpaka magotini. Hapo uvumilivu ukaniisha.

"Umeona sasa, mama?" nikapayuka. "Umeona ulichotaka kukiona?"

Watu wote wakageuka. Gerson akanishika mkono. Mkwe kumfokea mama mkwe mbele za watu, kwetu ni aibu kubwa. Bibi alikaa sakafuni karibu na kitanda, akaushika mguu wa Julieth, akabaki hivyo mpaka gari likaja.

Kule mjini daktari alithibitisha kuwa ni mzio wa karanga. Maziwa, samaki na maharage vilirudi sahanini, kimoja baada ya kingine, na Julieth hakudhurika. Sasa gauni lile linambana. Karanga bado tunalima, ila zinatwangwa kwa jirani, na mboga ya nyumbani tunaiunga kwa maziwa. Gerson alilalamika wiki moja, akazoea.

Zahanati nayo imebadilika. Zuwena aliwafundisha wenzake yote aliyofundishwa. Kipimo cha adrenalini kimebandikwa ukutani, kwa maandishi makubwa, na Zablon anakijua kwa moyo. Foleni ndiyo imekuwa ndefu zaidi. Watu wanakereka. "Siku hizi ukienda na upele unaulizwa mpaka ulichokula juzi!" wanasema. Mimi nawaambia wajibu tu, tena wataje kila kitu kilichoingia kwenye sufuria.

Bibi Apolinaria hakuwahi kuizungumzia siku ile. Hata kwa Gerson hakuizungumzia. Ni mwanamke mwenye heshima zake, na miaka yote amekuwa akiwaelekeza wenzake.

Mwaka huu, sikukuu ya mavuno, kinamama tulipika kanisani. Watoto walipanga mstari na sahani zao. Julieth alipofika mbele, mpishi akainua upawa wa mboga. Bibi akauweka mkono wake juu ya sahani ya mtoto.

"Mmetia karanga?"

"Humu hatukutia, bibi. Tumetia kwenye ile sufuria nyingine."

"Mwiko ni mmoja?"

"Ni mmoja," akasema mpishi, akacheka. "Lakini bibi jamani, kidogo hivyo kitamfanya nini?"

"Kitamuua," akasema bibi. "Mimi nilimpa kijiko kimoja, kwa mkono huu, kwa sababu sikumwamini nesi. Alikosa pumzi mapajani mwangu. Asingekuwa yule nesi, leo mngekuwa mnanipa pole."

Mimi nikamsogelea mama mkwe wangu, nikasimama ubavuni pake. Mpishi aliteremsha upawa, akawasha jiko jingine, akaenda kuosha sufuria ya kumpikia Julieth.