Ubeti wa Baba

Kila asubuhi kabla ya shule, Vaileth alimsaidia mama yake kuosha masufuria nyuma ya mgahawa wao, kando ya barabara kuu ya Mikumi. Malori ya Iringa yalipita yakinguruma, naye aliimba kwa sauti ya kuyashinda. Nyimbo zilikuwa za Clifton Hargrove, Mwingereza mwenye asili ya Jamaika aliyevuma kwa rege na dancehall. Marehemu baba yake, aliyekuwa dereva wa lori, alimpenda mno msanii huyo, na alimfundisha Vaileth nyimbo zake wakiwa safarini.

Mwalimu Makarius alipotangaza shindano la Siku ya Wazazi, Vaileth alijua ataimba nini. Mshindi angeiwakilisha shule kwenye shindano la wilaya huko Kilosa. Kila mwanafunzi angeghani beti zake juu ya mdundo uleule, kama wafanyavyo waimbaji wa dancehall. Vaileth alitunga beti tatu. Wa kwanza ulimhusu Clifton alipokuwa kibarua wa kiwandani. Wa pili ulihusu vijana wa mtaani kwake aliowafundisha muziki, ambao hadi leo wanawafundisha wengine ingawa yeye amefariki. Wa tatu ulimhusu baba.

Debora, shoga yake tangu darasa la kwanza, aliomba daftari lenye beti hizo.

"Nataka tu kuona beti zinavyopangwa," alisema, na Vaileth akampa bila kusita.

Siku ilipofika, Debora aliitwa kabla ya Vaileth. Mdundo ulianza, Debora akashika kipaza sauti na kuanza kuimba. Beti zilikuwa za Vaileth, neno kwa neno. Mtu aliyekula naye sahani moja miaka yote alikuwa anamwibia mchana kweupe, tena anatabasamu. Yeye angeimba nini sasa? Akipanda jukwaani, ataonekana yeye ndiye aliyenakili.

"Baba yangu dereva, usukani mkononi," Debora aliimba. "Hayupo tena, sauti yake i moyoni."

Mzee Ulimboka, baba yake Debora, alikuwa amekaa safu ya mbele. Alikuwa mkulima wa mahindi, na maishani mwake hakuwahi kuendesha chochote zaidi ya baiskeli. Alisimama taratibu.

"Debora mwanangu," aliuliza, "huyo baba aliyefariki ni nani? Mimi si niko hapa?"

Watu waliangua kicheko. Debora alishusha kipaza sauti, mdundo ukaendelea peke yake hadi Mwalimu Makarius alipouzima.

"Beti ni zangu, mwalimu," Vaileth alisema. "Daftari langu analo yeye."

"Mwalimu, si ulisema mdundo mmoja huimbwa na watu kumi na hakuna mwizi?" Debora alijitetea, machozi yakimlengalenga.

"Nilisema mdundo," mwalimu alijibu. "Maneno kila mtu hutunga yake. Tena Clifton, kila alipotumia mdundo wa mwenzake, alimtaja kwanza. Hilo nalo nililifundisha."

Debora alirudisha daftari na kukiri mbele ya wazazi wote. Vaileth alipanda jukwaani, akaimba beti zake tatu, na ndiye aliyechaguliwa kwenda Kilosa. Hata hivyo moyo bado ulimuuma.

"Nisamehe, Vaileth," Debora alisema baadaye.

"Nitakusamehe, lakini si leo."

Mzee Ulimboka alimshika binti yake bega. "Mwache, ana haki ya kukasirika," alisema. "Ungekosa maneno, ungeniuliza habari za mahindi yangu, ukaimba hizo. Hata ungeshindwa, zingekuwa zako. Anayechukua kazi ya mwenzake anachukua jasho lake. Wewe umezidi, mwanangu. Umemchukulia na baba yake, na huyo baba amebaki kwenye maneno hayo tu."